Namba Kumi na Moja

Jumapili ile hatukubeba mtu.
Saa kumi alfajiri, stejini Magongo,
vizibao vyetu tulivitundika kwenye nondo za duka la Mwanatumu,
naye akatufungia viazi karai katika gazeti la juzi,
akasema, "Mkianguka, angukeni mkiwa mmeshiba."

Pikipiki tano.
Mbwarali mbele, kwa kuwa taa yake haikonyezi.
Dzombo, mimi, Shee.
Nyuma kabisa Mwadime, mwenyeji wa huko tuendako,
aliyetuambia miaka sita kwamba kwao kuna baridi,
nasi miaka sita tukamwita muongo wa Wundanyi.

Mariakani. Samburu. Maungu.
Mkono wangu wa kushoto una mazoea yake:
kila tukivuka tuta hurudi nyuma kupapasa,
kuona kama mama yule angali amekalia,
kama mtoto hajasinzia,
kama kuku wamo tengani.
Leo ulipapasa upepo,
ukarudi umeduwaa.

Baada ya Mwatate barabara ikainuka,
ikaanza kujikunja kama ukindu mkononi mwa msusi.
Na mvua.
Si ile ya kwetu Mombasa, inayogonga bati ikaondoka
kama mdai aliyekosa mtu nyumbani.
Hii ilikuja bila haraka, ikakaa.
Iliingia kolani, ikashuka uti wa mgongo,
ikatupekua mifukoni mpaka noti zikalowa.

Kona ya tatu, barabara haipo.
Ipo taa nyekundu ya Mbwarali tu,
punje ya komamanga iliyodondoka kwenye maziwa.
Dzombo akaifuata ile, mimi nikaifuata ya Dzombo,
na nyuma yangu Shee akipaza sauti,
"Usizime! Usizime yako!"
Gia ya kwanza. Kushoto mwamba unatiririka,
kulia hakuna kitu,
ila maji yanayoanguka mbali mno,
huyasikii yakifika.

Hapo Dzombo akateleza.
Bila kishindo, taratibu,
kama mtu ajilazaye kitandani pake.
Tukazima injini zote.
Kimya. Mvua. Kimya.
Kisha, kutoka kwenye tope:
"Abiria, nauli nawarudishia?"

Shee alicheka mpaka akakaa barabarani.
Mimi nilicheka mpaka nikaona ninatetemeka,
na kwamba si kicheko.
Mwadime akainyoosha pedali kwa jiwe,
akafunga goti la Dzombo kwa leso yake mwenyewe.
Hakusema, "Niliwaambia."
Angeweza kusema.

Kwao, dadake Mghoi alitupa mashuka.
Tukauzunguka moto, wajuzi wa jasho tuliojitanda kama biharusi,
meno yakigongana, mbele yetu sinia la kimanga.
Watoto waliingia mmoja mmoja kuwatazama watu wa pwani.
Walimwita Mwadime kwa jina nisilolijua,
naye akaitika.
Stejini yeye ni namba kumi na moja,
mwisho wa foleni, mchache wa maneno.
Hapa alisema, na nyumba nzima ikanyamaza kumsikiliza.

Asubuhi ukungu ulipopasuka
tukaona matuta ya kabichi yakishuka hadi mtoni,
na yeye kati yake, suruali ameikunja, jembe mkononi.
Hakuja kuaga karibu.
Alipaza sauti tu kutoka kule chini:
"Kizibao changu mpeni kijana mwingine!"

Tulirudi wanne.
Mteremkoni nilitazama kioo mara ngapi sijui,
nikitafuta taa ya tano.

Jumatatu, Magongo inachemka.
Koti langu linanuka moshi wa kule, sijalifua.
Kizibao cha kumi na moja kingali kwenye nondo;
vijana wawili wamekiulizia,
Mwanatumu amewaambia kina mwenyewe.

Abiria wa kwanza, bibi wa kwenda Chaani na ndoo ya samli.
Kwenye tuta la kwanza mkono ukaniponyoka,
ukarudi nyuma, ukapapasa.

"Nipo, mwanangu," akasema.
"Endesha."