Uniti Ishirini na Mbili

Mwaka wa kule ndani ni uniti ishirini na mbili, kasoro kidogo.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya sukari:
mashine ya Ndahani hula uniti moja kwa saa tano,
na siku yake, tangu kuche hadi kuche tena,
ni dakika kumi na nane.
Tisa za jua, tisa za giza.
Mwaka, basi, ni chini ya elfu nane,
na mlipaji ni mimi.

Kaka yangu ameumba nchi
katika chumba cha uani, hapa Nkuhungu,
juu ya meza iliyokuwa ya cherehani yangu.
Ina vilima kama vyetu, mawe yamebebana mgongoni,
ina vumbi jekundu, ina mbuzi watatu wanaofanana mno.
Mwanzoni siku yake ilianza usiku wa manane, saa sifuri.
Nikamuuliza: sifuri ndiyo saa gani?
Nani anaanzisha siku watu wamelala?
Akakuna kichwa. Akahangaika nayo hadi Ijumaa.
Sasa jua likipanda shubiri moja
ni saa moja, kama kwa watu.

Umeme ukiisha, kule hakuna anayezeeka.
Mbuzi anabaki mguu juu.
Moshi unasimama wima jikoni kama mti.
"Wamepumzika," anasema Ndahani.
Mimi ndiye niendaye kwa wakala,
nirudi na karatasi,
nibonyeze tarakimu ishirini, moja moja, kwa ukucha;
nikikosea ya kumi na saba naanza upya.
Ya ishirini ikikubali
mbuzi anashusha mguu.
Sijamwambia mtu jinsi mkono unavyonitetemeka.

Mama alikuja kutoka Hombolo,
udongo wa palizi bado kwenye nyufa za visigino.
Mama hana tarehe.
Alizaliwa mwaka nzige walipokula hadi ufagio mlangoni,
na Ndahani alimpata mwaka ule
ng'ombe mzima alipobadilishwa na debe la mahindi.
Tukamkalisha mbele ya kioo.
Ndahani akapanda uwele kwa kidole kimoja.
Mvua ikanyesha bila kunukia.
Chai ya mama haijapoa,
masuke yameshainama.

Tulingoja asifu.
"Ndege umewaweka wapi?"
"Ndege gani, mama?"
"Kwelea kwelea. Nani alikuwa anawafukuza?
Nani amekauka sauti?"
Feni ya mashine ikavuma peke yake.
"Basi huu si muda uliopita," akasema.
"Huu umerukwa, kama mtu anavyoruka dimbwi."
Akaomba sukari zaidi.

Mama alipoondoka, Ndahani hakulala siku mbili.
Alitengeneza ndege, wingu zima la ndege,
na mara ya kwanza walimaliza shamba
kabla hajaondoa mkono kwenye kitufe.
Alicheka. Kisha akayatazama mabua, akaacha kucheka.

Akajenga dungu, nguzo nne na kitanda cha fito.
Juu yake akamweka msichana
mwenye kopo bovu na fimbo.
Hana saa. Huamka ndege wakija.
Amemvisha gauni la njano lenye kiraka begani,
na kiraka kile nakijua,
nilikishona mwenyewe, kwa uzi mweusi, mweupe ulikuwa umeisha,
mwaka niliokaa juu ya dungu
darasa la nne likaendelea bila mimi.
Hajawahi kuniuliza habari za mwaka ule.
Sikujua kama aliniona.

Nilimwambia arefushe siku, walau ya msichana.
Anasema mashine haitaweza.

Jana uniti ziliisha, saa kumi ya kule,
ndege hewani,
fimbo imeinuliwa, haijashuka.
Leo nina elfu mbili mkononi, ya mkaa.
Wakala ni pale ng'ambo ya barabara, hana hata foleni.
Nimesimama mlangoni na viatu nimeshavaa.
Ndahani ananiita, Sechelela, Sechelela, vipi?
Nakuja, nasema.
Wacha kwanza apumzike.