Fundo la Kumi na Moja

Afande Mkude alibisha saa tatu na robo,
uji ukiwa bado unatokota.
Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na daftari la jalada gumu,
na buti zake akazivua mlangoni bila kuambiwa.
Hapo ndipo nilipoogopa zaidi:
mtu wa serikali mwenye adabu hana haja ya kelele.

"Hiki ni kituo?"
Nikasema, ni nyumbani.
"Watoto wote hawa ni wako?"
Nikasema, mpaka saa kumi na mbili jioni.

Akaandika.
Akaandika mtungi wa gesi kando ya mkeka.
Akaandika waya wa umeme uliolala chini ya zulia
kama nyoka aliyekaribishwa.
Akaandika mlango mmoja.
Dirishani alizishika nondo, akazitikisa,
hazikutikisika,
nami, mjinga, nikajisifu:
"Tangu ziwekwe, mwizi hajaingia hata siku moja."
Akanitazama.
"Na wa kutoka, Bi Siwatu?"

Nyuma ya ukuta wangu ni Keko ya maseremala:
vanishi kwenye madebe, maranda hadi magotini,
vijana wanawashiana sigara juu ya kabati la bibi harusi.
Hilo hakuliandika. Alilinusa tu.

Kibali sina.
Nilikwenda mara tatu, wakataka vyoo viwili,
uzio, cheti, na uwanja wa kuchezea.
Nina sebule na chumba, na mgongo unaouma upande wa kushoto.
Mama Yusta anatoka alfajiri kuwahi mchicha sokoni Stereo.
Zamaradi anashona mashati kiwandani Chang'ombe,
akichelewa dakika kumi anakatwa nusu siku.
Elfu moja na mia tano kwa kichwa, uji humo humo.
Ukinifungia, Afande, wao watafungiwa wapi,
na kufuli la nani?
Hilo sikulisema.
Nilisema, "Subiri nikuonyeshe."

Kanga yangu kuukuu, ile iliyofutika maneno,
nimeichana nikaisokota kamba,
nikaipiga mafundo kumi na moja,
kila mtoto na fundo lake.
Nikigonga mfuniko wa sufuria wanashika,
wanatoka mmoja nyuma ya mwingine
hadi kwenye bomba la maji kwa Mama Nangwale.

Niligonga.
Walitoka kama bata, wakicheka,
Afande akitazama saa yake, na nikaona,
naapa nikaona, mdomo wake unataka kutabasamu.
Kumi.
Fundo la kumi na moja liliburuzika mchangani
halina mkono.

Ni yeye aliyemkuta Hamuyu, mwenye miaka mitatu,
chini ya kitanda changu, kati ya beseni na mabegi,
ameziba macho ili asionekane.
Aliogopa sare.
Afande akalala kifudifudi sakafuni na sare hiyo hiyo,
hakumvuta, hakumwita.
Walikaa hivyo, uso kwa uso,
muda wa bakuli la uji kupoa.
Alipoinuka ana vumbi hadi kwenye nyusi.
Akasema, taratibu, si kwangu hasa:
"Huwa tunawakuta hapo."

Hakunifungia. Wala hakunisamehe.
Aliniachia karatasi ya njano na siku kumi na nne:
waya, mtungi utoke nje, ndoo mbili za mchanga, nondo.
Suala la kibali, alisema, lina ofisi yake,
na moto hausubiri ofisi.

Fundi wa kuchomea anataka elfu arobaini.
Mwenye nyumba anataka barua.

Basi usiku huu nimeazima msumeno wa chuma,
nimewasha kibatari, kisha nikakumbuka, nikakizima,
nikakata kwa kupapasa.
Upana nimeupima kwa mabega ya Hamuyu,
mikono yangu inayajua.
Chuma kinalia mtaa mzima unasikia.
Jirani amefungua dirisha lake:
"Nani huyo anakata nondo?"
"Ni mimi, Siwatu."
"Unajiibia?"

Sijamjibu.
Nondo ya kwanza imebaki uzi.