Chumba Namba Tisa

Jumatatu udongo, Jumatano tarumbeta,
Ijumaa tunasukuma meza ukutani, chumba kinageuka jukwaa.
Shule yetu ya Oruro haina vyumba vitatu vya sanaa;
ina hiki kimoja, na baridi yake.

Mwalimu Saturnina hutuanzisha kwa mkono:
"Uso hujua kudanganya," asema. "Choreni mkono kwanza."
Nikachora wa baba. Vidole vinne.
Cha tano kilibaki mgodini, kwenye bati.

Wilmer akauliza mbona nimesahau kimoja.
Sikumjibu. Nikapuliza tarumbeta,
likatoka vumbi la Jumatatu,
darasa zima likacheka, nami nikacheka.

Usiku wa mchezo baba alikaa nyuma, karibu na mlango,
kofia ya kazi magotini,
kama mtu aliyeitwa kutengeneza taa.
Nilikuwa mfalme. Taji la kadibodi lilinishuka machoni,
na mstari wa mwisho ukanitoroka.

Kimya.
Kimya tena.

Kisha makofi ya mtu mmoja,
yenye pengo ndani yake.

Mwalimu wa muziki ametufunza nota zote, hata za kupumzikia.
Pengo lile bado sijui linaandikwaje.