Kupakua, Kupakia

Kabla ya supu, picha.
Ndiyo kanuni ya Halszka, mkuu wetu:
mvuke upande, mwanga utoke kushoto,
na mkono unaopokea uwe karibu na kamera
kuliko mkono unaotoa.
Nilifundishwa haya kwenye semina ya siku moja
yenye keki ya jibini.

Gari letu jeupe huegeshwa nyuma ya stesheni, Łódź,
nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Wenzangu wanapakua supu ya dengu,
mimi napakia picha ya supu.
Herufi moja tu kati yetu,
lakini wao mikono yao inanuka vitunguu.

Bwana Teofil alikataa tangu siku ya kwanza.
"Nina binti huko Szczecin. Hajui ninakolala.
Mpige mbwa."
Nikampiga mbwa.

Kluska: jike, rangi ya chai ya maziwa,
sikio moja wima, la pili limelala kama mlevi,
amejikunyata kwenye pindo la koti la mzee.
Nikaandika: *Anasubiri zamu yake.*
Nikaenda kulala.
Asubuhi, mioyo elfu kumi na moja.

Miaka mitatu tulikuwa tumeomba
buti za wanaume, namba arobaini na tatu.
Tulipata jozi tisa,
moja yake miguu yote ya kushoto.
Kwa Kluska zikaja sweta thelathini na nne,
biskuti za ini, godoro la manyoya,
mto kutoka Gdynia uliotariziwa jina lake,
na mtoto aliyevunja kibubu:
zloti arobaini na mbili, na kifungo cha shati.

Halszka alicheka, akalia,
kisha akachora ratiba.
Jumatatu Kluska ale. Jumatano Kluska alale.
Ijumaa Kluska atazame moja kwa moja
machoni mwa mwenye kadi ya benki.
Na sitamkana: Kluska alilipa dizeli ya Januari,
alinunua dawa za vidonda vya miguu,
aling'oa meno mabovu ya watu saba.
Hakuna picha iliyodanganya.
Ila ukweli nao una upande
unaogeuziwa taa.

Alikufa Februari, usiku,
ndani ya lile koti, bila kamera.
Teofil aliniambia kama mtu
anayerudisha sufuria ya kuazima.
"Amekwisha. Samahani kwa kazi yako."
Hiyo samahani,
hadi leo sijui niiweke wapi.

"Tuna picha mia mbili ambazo hazijatumika,"
Halszka alisema. "Zinatufikisha Aprili."
Msimwite mkatili. Mkononi alishika bili ya gesi.

Mimi ninayejua
saa ambayo watu wa Poznań hufungua simu zao,
ninayejua neno gani humfanya mtu asimamishe kidole,
nilifuta sentensi moja mara ishirini.
Mwisho niliandika, bila picha:
*Kluska amekufa.
Aliyekuwa akimpa joto yu hai.
Anavaa buti namba arobaini na tatu.*

Mia sita walituhama usiku ule.
Mmoja alituita matapeli.
Wengi waliuliza: mbwa mwingine lini?
Zikaja buti, jozi kumi na moja,
na ujumbe usio na jina, kutoka Szczecin:
*Kwenye picha za zamani naona koti.
Je, kifungo chake cha tatu
kimeshonwa kwa uzi wa kijani?*

Sikujibu. Halikuwa langu la kujibu.
Nilimpelekea simu, nikaishika mbele yake
hadi vidole vyangu vikafa ganzi.
Akasoma. Akasoma tena.
Kidole gumba kikaenda polepole kifuani,
kikakaa pale, juu ya uzi.

"Weka hiyo kitu," akasema. "Supu inapoa,
na mwenye upawa ameenda kuvuta sigara."

Nikaweka simu mfukoni.
Foleni ilikuwa ndefu.
Usiku ule nilipakua.