Utingo wa Gari Dogo

Jumapili, baada ya misa ya kwanza,
nashuka Bangwe na ndoo ya rangi iliyokwisha.
Watu hudhani nina dagaa.
Nina gari.

Shubiri moja na vidole viwili, si zaidi.
Bodi nimeikata kwenye dumu la mawese,
na harufu haijatoka: mota ikipata moto
gari zima linanukia mchuzi.
Springi ni za kalamu.
Ekseli zilikuja kwa treni, mwezi mzima ndani ya kiroba,
pamoja na vipuri vya cherehani vya mtu wa Gungu.
Matairi yalikuwa magumu, yakiteleza kama sabuni ya kipande,
nikayachanja kwa wembe, jino moja moja,
usiku umeme umekatika, tochi mdomoni.

Wasiojua huuliza spidi.
Halina spidi. Siafu hulipita.
Gia nimezishusha mpaka mota inaguna
kama mtu anayesoma barua ya benki,
na hicho ndicho nilichokitafuta:
gurudumu ligeuke kidogo, lishike,
lifikiri.

Nilikuwa utingo miaka saba,
Kasulu hadi Kibondo, kabla ya lami,
lori la chumvi ya Uvinza, dereva Gwimo.
Kwenye mlima kazi yangu ilikuwa moja,
kutembea nyuma na kigingi mkononi
na lori likikata pumzi
kukisukumiza chini ya tairi
kabla halijakumbuka kurudi.
Leo natembea nyuma ya gari la shubiri moja,
mgongo umepinda vilevile, kiganja wazi.
Vijana wa Katonga hucheka:
mzee, angalia lisikukanyage!
Mkono haujaambiwa kwamba mzigo umepungua.

Jiwe letu tumelipa jina, Mkwe,
kwa kuwa halimkubali mtu upesi.
Lina ufa kiunoni, na juu ya ufa, tumbo.
Bukuru, fundi simu wa Mwanga,
limemtupa mara tisa.
Mimi sihesabu.
Kumi na nne.

Siku ya kumi na nne Leokadia alipita,
beseni la dagaa kichwani, hajalishika.
Akatazama gari likinyanyua pua,
likibinuka chali, magurudumu juu kama kombamwiko.
"Uzito umeuweka wapi?"
Nyuma, nikasema. Kwenye betri.
"Nani anapanda mlima ameegemea nyuma?"
Akaenda zake kupandisha kilima.
Hata dagaa mmoja hakudondoka.

Usiku nikafungua rimu za mbele,
nikazizungushia risasi za nyavu,
zile ndogo za Kibirizi, zinazopimwa kwa kilo.
Betri nikaihamisha mbele ya mota,
nikailaza kifudifudi.
Solda ikaniunguza kidole gumba,
kilekile cha kuendeshea.

Jumapili iliyofuata Mkwe alikuwa amelowa.
Tairi la kulia likaingia kwenye ufa, likapapasa.
Nikaachia rimoti,
nikarudisha kidole robo, na bandeji yake.
Bukuru akaacha kutafuna muwa.
Pua ikabaki chini.
Tumbo likasugua jiwe, changarawe ikaruka majini,
gurudumu moja la nyuma likaning'inia hewani
likizunguka bure,
na la mbele, lenye risasi,
likauma.

Juu ya Mkwe pana nafasi ya sahani.
Lilisimama hapo, linaitazama Kongo.
Bukuru akapiga mluzi. Mimi sikupiga kelele;
mkono ulikuwa bado chini, wazi,
unalisubiri lirudi.

Halikurudi. Betri ilikuwa imekwisha.
Ikabidi nilifuate, mtu mzima,
kwa magoti, kandambili zimebaki mchangani,
nikishika palepale liliposhika,
ufa, kisha tumbo,
na nilipoteleza kidogo nikageuka,
nikamwona Bukuru nyuma yangu
amepinda mgongo,
muwa kautupa,
kiganja wazi.