Siku ya Tatu

Zilipanda ngazi mwezi wa kwanza, kaskazi ikiwa kavu,
kreti nne kutoka Marikiti, zabibu nyeupe
(sisi twaziita nyeupe; ukizitazama ni kijani,
rangi ya macho ya paka),
na mbele yao Bi Ermelinda, sketi kaipachika kiunoni,
akihesabu vidato kwa Kikonkani.

Juu ya paa kulikuwa na vitanda viwili vya kamba
visivyolaliwa tangu mumewe astaafu bandarini
kisha astaafu duniani.
Hapo alizitandaza, kishada kisiguse kishada,
akazifunika chandarua cha waridi
kwa sababu ya kunguru.
Kunguru wa Ganjoni hawana dini. Hula vya wote.

Nyumba yetu na yake ziligawana ukuta,
na paa, na tangi la maji,
na ugomvi wa tangi la maji.

Wiki ya pili ziliingia mikunjo.
Wiki ya tatu zilianza kunukia, sijui niseme nini:
sukari inayokaribia kuungua,
jalada la kitabu cha zamani,
nyuki.
Nyuki kweli walikuja.

Nyanya Mwanamkuu naye alikuwa na zabibu zake,
kavu, za kupimiwa kwenye karatasi, duka la Mbohora.
Usiku huziroweka kwenye jagi, asubuhi twanywa.
Siku ya pili twanywa, utamu umezidi.
Siku ya tatu, kabla jua halijapanda,
huinamisha sikio kwenye jagi
kama daktari kifuani pa mtoto,
na chochote kilichobaki akakimwagia mwasumini.
"Ikitokota bila moto," asema, "si yetu tena."

Upande wa pili wa ukuta
siku ya tatu ndiyo kwanza mtungi ulikuwa ukifungwa kitambaa.
Bi Ermelinda hungoja miezi.
Nililala nikiusikia, au nikidhani nausikia,
ukiongea peke yake gizani, chini ya ngazi.

Mwaka ule mvua ilikosea tarehe.
Jumapili, saa nne, Bi Ermelinda yuko kanisani,
wingu likatokea Likoni jeusi kama sufuria ya harusi.
Nyanya aliacha chapati juu ya moto.
"Ndooni! Ndooni nyote!"
Akapanda na magoti yake yale, leso kichwani,
tukabeba vitanda, yeye mbele mimi nyuma,
tone la kwanza likimpiga shingoni.

Usiku mjomba Athmani akamuuliza, kwa ile sauti yake ya kukohoa,
kama yuwajua zile zabibu zaelekea wapi.
"Najua zilikotoka," akajibu. "Zilitoka mvuani."
Na chapati, zilikuwa zimeungua. Tulizila hivyo hivyo.

Kesho yake ikaja keki ya nazi, tabaka saba,
kwenye sahani yetu ya bluu
iliyokwenda kwake na sambusa tangu Ramadhani.

Bi Ermelinda alikufa Agosti, kusi likivuma,
paa tupu.
Akaja mpwawe Kaetano kutoka Toronto kuuza nyumba.
Alizikuta chupa sita chini ya ngazi,
akaketi juu ya kitanda cha kamba,
akajimiminia kwenye kikombe cha kahawa.
Rangi ya kaharabu. Ilishuka polepole, haikuwa na haraka na mtu.

Nilikuwa naanika nguo. Nikamuuliza, yaonjaje?
Alinyamaza hadi nikamaliza shuka mbili.
"Tamu mno," akasema. "Halafu yakaa kooni kama deni."
Kwenye kamba, pale alipokalia,
sisimizi walikuwa kwenye foleni
wakidai sukari ya miaka iliyopita.

Jioni alibisha hodi na sahani ya bluu.
Aliikuta rafuni, imeoshwa, imefunikwa,
na juu yake konzi ya zabibu kavu
ambazo shangazi yake hakuzitia mtungini,
isirudi tupu.

Nyanya aliziroweka usiku ule ule.
Tulizinywa asubuhi, zote.
Hatukuingoja ya pili.