Nje ya Mstari

Nyamizi, leo umenipigia mara ya tatu
kuuliza ile picha ya keki, upande wa kushoto,
kama pana mtu mwenye kofia ya reli.
Nimeifungua tena. Nimeikuza mpaka ikawa vigae.
Kushoto yupo shangazi yako, kitenge cha njano,
halafu ukingo.
Baada ya ukingo hakuna kitu.

Sikumkata juzi, mezani, kwa kompyuta.
Ningekata hivyo ningemrudisha,
kama fundi anavyofumua upindo wa gauni
akakikuta kitambaa kimo ndani, kimekunjwa tu.
Hiki hakikukunjwa. Hakikufumwa kabisa.

Sikia ilivyokuwa.
Kamera yangu ni kubwa, ya jicho zima,
misimu miwili ya mahafali
na deni la kikoba nililolimaliza Machi.
Lenzi ndefu ilianguka Urambo, kwenye kipaimara.
Nikabaki na ya marehemu mjomba Sizya,
iliyoundiwa kamera ndogo.
Ukiipachika kwenye kubwa inaona, ndiyo,
ila pembeni giza la duara,
kama unachungulia dunia kwa mdomo wa mzinga.

Basi kuna kitufe. Unaiambia kamera:
tumia katikati, pembe achana nazo.
Giza linaondoka.
Kilicho mbali kinasogea,
au kinaonekana kusogea; hakuna aliyepiga hatua.
Vidoti milioni ishirini na nne vinabaki kumi,
na kumi vinatosha albamu,
vinatosha hata ukuta wa sebule.
Sijapata mteja aliyehesabu.

Lakini kamera hii ni ya zamani, ina kioo ndani.
Jicho langu huona uwanja wote,
na juu yake mstari mwembamba
unaonionyesha kitakachobaki.

Ndivyo nilivyomwona.
Saa kumi na moja na robo, uani pale Cheyo,
mshereheshaji akiita ndugu wa mama,
kisha ndugu wa mama tena,
yeye kasimama kwenye uzio wa minyaa
kati ya masufuria na jenereta.
Kofia ya reli, nembo imefifia.
Koti zito, na joto lile.
Kiatu cha kushoto kimefungwa kwa kamba ya katani.
Miguuni ndoo ndogo, mfuniko umezibwa kwa nta,
na vumbi la njia ya Mpanda mpaka magotini.
Akainua mkono.
Nilidhani anapunga.
Alikuwa anakinga jua akuone.

Nikabofya. Mara kumi na moja.
Katika zote kumi na moja alikuwepo,
kidole kimoja nje ya mstari.

Utaniuliza, nami nimejiuliza:
ningezima kitufe.
Angeingia. Nusu yake ingemezwa na ule weusi,
ila angeingia.
Mama yako aliniambia piga meza kuu.
Hakuniambia nisimpige.
Hakuniambia lolote juu yake,
na mimi, malipo ya pili yalikuwa bado,
sikuuliza aliye uzioni ni nani.

Honi ya treni ilipolia, akatazama saa.
Niliporudisha jicho kwenye kamera
pale uzioni palikuwa na ndoo peke yake.
Mpishi mmoja aliibeba. Sijui ilifika wapi.

Haya yote siwezi kuyachapa.
Usinilipe kwa haya.

Ila picha ya keki nimekutumia tena, kubwa,
kama ilivyo, na vidoti vyake kumi.
Usiutazame ukingo, ukingo hauna neno.
Mtazame shangazi yako machoni.
Watu wote wanatazama kisu, hata mtoto wa Kalunde,
hata wewe.
Yeye hatazami kisu.